Maji ya Kijiji na Majitaka Yake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yameokotwa kwenye vikao vya kamati, mikutano ya watumia maji na simu za alfajiri pampu inapokuwa imenyamaza. Majibu yanafuata utaratibu wa Tanzania Bara. Walio kwingine waanzie swali la 23. Hesabu zote ni za kijiji cha mfano chenye watu 3,000, kisima kirefu kimoja na tangi la lita 50,000. Ondoa namba hizo, weka zako.

## Mambo ya mwanzo

1. Mradi wa maji wa kijiji unaendeshwa na nani?

Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya 2019 ndiyo iliyoanzisha RUWASA, wakala wa maji vijijini, ulioanza kazi Julai mwaka huo. RUWASA hujenga, husajili na husimamia. Kazi ya kila siku ya kuwasha pampu, kusoma dira (mita za maji), kukusanya fedha na kuziba bomba lililopasuka iko mikononi mwa chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, yaani CBWSO. Kabla ya hapo kulikuwa na COWSO, chombo cha jamii cha mfumo uliopita, na kabla ya COWSO ilikuwa kamati ya maji chini ya serikali ya kijiji.

Majina yamebadilika, mazoea yamebaki. Bado utamkuta mwenyekiti wa kijiji anayeamini hela ya maji ni mfuko wa kijiji, ukikwama ujenzi wa darasa unachota humo. Siyo. Hela ya maji ina akaunti yake, na wenye kauli juu yake ni watumia maji kupitia mkutano wao mkuu. Kamati inasimamia. Fundi na mhasibu ni watu wa kulipwa mshahara. Mtu wa kujitolea hushika funguo za pampu kwa miezi mitatu, halafu msimu wa kilimo unafika.

2. Mbona tunasikia kuna jumuiya mbili za maji?

Kwa sababu zipo mbili kweli. Moja ni CBWSO, inayouza maji ya bomba. Nyingine ni jumuiya ya watumia maji ya mto au kijito, iliyo chini ya bodi ya maji ya bonde, inayogawa maji yaliyomo mtoni kati ya wakulima, wafugaji na miradi. Bara ina mabonde 9, na ofisi ya bonde lenu ndiyo inayotoa kibali cha kutumia maji. Mradi wenu unahitaji kibali hicho hata kama kisima kimo ndani ya uwanja wa shule. Siku mwekezaji atakapochimba kisima chake mita chache kutoka chenu, karatasi hiyo ndiyo mtakayoanza nayo kuzungumza.

3. Maji kiasi gani yanatosha kijiji?

Kipimo kilichotumika tangu Sera ya Maji ya 2002 ni lita 25 kwa mtu kwa siku, ndani ya mita 400 kutoka nyumbani, kituo kimoja kikihudumia watu 250. Kwa watu 3,000 hiyo ni lita 75,000 kwa siku na vilula 12, yaani vituo vya kuchotea maji.

Msisimame hapo. Aliyevuta maji hadi ndani hutumia zaidi ya anayebeba ndoo kichwani, na ng'ombe wa kienyeji peke yake anaweza kunywa lita 25 au zaidi kwa siku. Miradi mingi husanifiwa mifugo ikiwa imesahauliwa, kisha wafugaji hukata bomba porini na kutengeneza birika lao. Jengeni birika la kunyweshea tangu mwanzo, lenye dira yake.

## Fedha

4. Maji katoa Mungu. Kwa nini tulipe?

Yaliyoko mtoni ni bure, nenda kachote. Kinacholipiwa ni kuyaleta. Kupandisha maji ya lita 1,000 kimo cha mita 100 kunakula umeme wa uniti 0.27 hata kama mashine ingekuwa kamilifu. Pampu na mota za kawaida zikipoteza karibu nusu ya nguvu, hesabu ni uniti 0.55. Hapo bado fundi, dawa, valvu na mabomba. (Uniti ya maji ni lita 1,000, uniti ya umeme ni kitu kingine. Nimeona kikao kikivunjika kwa sababu watu wawili walikuwa wanabishana kila mmoja juu ya uniti yake.)

Maji ya mserereko, yanayoteremka yenyewe kutoka juu, hayahitaji umeme, kwa hiyo bei yake huwa ya chini. Lakini si sifuri, kwa kuwa mabomba huzeeka hata pasipo pampu.

5. Bei ya ndoo ipangweje?

Andikeni matumizi ya mwezi kwenye safu: nishati, mishahara, dawa ya kutibu maji, vipuri, nauli na shajala za ofisi. Kisha ongezeni mstari ambao kamati nyingi huuruka, akiba ya kubadilisha pampu. Gawanyeni jumla kwa uniti mnazouza kweli, wala si zile pampu inazosukuma. Tofauti yake inaelezwa swali la 9.

Mfano wa akiba. Tuseme pampu na mota vinagharimu milioni 9 na huwa vinadumu miaka 6. Hiyo ni milioni 1.5 kwa mwaka, au Sh 125,000 kwa mwezi. Mkiuza uniti 900 kwa mwezi, kila uniti inabeba Sh 139. Uniti moja ni ndoo 50 za lita 20, hivyo akiba ya pampu nzima haifiki Sh 3 kwa ndoo. Ndoo ikiuzwa Sh 50, uniti ni Sh 2,500, na hizo Sh 3 zimo ndani tayari. Shida ni kwamba zinaliwa.

Kamati moja niliyokuwa mjumbe wake iliazima akiba hiyo kununua turubai na viti vya kukodisha kwenye harusi, kwa nia njema kabisa. Mota ikaungua Septemba, kiangazi kimekolea, viti havijarudisha hata nusu ya hela. Kijiji kilirudi kwenye madimbwi kwa wiki kadhaa. Pampu iliharibika kwa kawaida ya pampu. Uzembe ulikuwa wetu.

Akiba iwe na akaunti yake peke yake, isiyoguswa bila azimio la mkutano mkuu. Na bei isibandikwe ukutani kabla RUWASA ya wilaya haijaipitia.

6. Dira za malipo ya kabla zinafaa?

Zinafaa pale tatizo lenu ni fedha kupotelea mkononi mwa mtu. Mteja anaweka salio kwa simu, anagusisha kadi au kitufe, maji yanatoka, na usiku wa manane kilula hakihitaji mhudumu. Hazifai pale tatizo ni maji yenyewe kukosekana. Kabla ya kununua ulizeni mambo mawili: betri na valvu za ndani zinapatikana wapi, na mtandao wa simu ukikatika kifaa kinafanyaje. Kama jibu ni fundi atoke jiji la mbali, zidisheni nauli yake kwa idadi ya vilula.

Kwa wateja wa majumbani, ankara yenye namba ya kumbukumbu ya malipo imepunguza mno hadithi za "nilimpa katibu njiani".

7. Shule, zahanati, nyumba za ibada na wazee wasiojiweza walipe?

Taasisi zilipe, tena zifungiwe dira. Shule isiyolipa ndiyo yenye bomba linalovuja wiki tatu bila mtu kujali. Wazee na kaya zisizojiweza zisamehewe kwa orodha iliyopitishwa na mkutano mkuu na kupitiwa upya kila mwaka. Msamaha wa kimya kimya unaotolewa na mhudumu wa kilula huishia kwa shangazi zake.

8. Mgombea ametangaza jukwaani kwamba maji yatakuwa bure. Tufanyeje?

Msibishane jukwaani. Mpelekeeni hesabu ya swali la 5 kwa maandishi, mkimwomba aseme mfuko gani utalipa umeme wa mwezi ujao. Wakati huohuo bandikeni mapato na matumizi ya mwezi kwenye kila kilula. Ahadi ya bure hupata wasikilizaji pale ambapo watu hawajawahi kuona hesabu.

## Mabomba, dira na pampu

9. Tunasukuma maji mengi, mapato madogo. Maji yanapotelea wapi?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote ya ukurasa huu, na wengi hawawezi kulijibu kwa sababu hawana dira kubwa pale maji yanapotoka kwenye tangi. Bila hiyo mnakisia tu. Fungeni dira hiyo kabla ya kununua pikipiki ya ofisi.

Mkishaifunga, toeni jumla ya dira za wateja kwenye jumla ya dira kubwa. Kinachobaki ni upotevu, na umegawanyika: maji yanayovuja ardhini, maji yanayoibwa, dira zilizochoka zinazosoma pungufu, na maji yaliyouzwa lakini hayakuandikwa.

Kwa uvujaji kuna jaribio la usiku lisilogharimu kitu. Jazeni tangi, zimeni pampu, fungeni vilula vyote. Saa 4 usiku pimeni kina cha maji kwa kijiti, rudieni saa 10 alfajiri. Tangi la duara lenye kipenyo cha mita 5 lina karibu lita 200 kwa kila sentimita. Yakishuka sentimita 15, lita 3,000 zimekwenda kwa saa 6, yaani lita 12,000 kwa siku. Kwa bei ya swali la 5 mnazika Sh 30,000 kila siku, laki 9 kwa mwezi. Sijaona kijiji kilichofanya hesabu hii kikalala.

Usiku unaofuata rudieni, safari hii mkifunga valvu za matawi moja baada ya nyingine. Tawi ambalo likifungwa tangi linaacha kushuka, ndilo la kutembelea asubuhi. Tembeeni juu ya njia ya bomba mkitafuta majani mabichi katikati ya kiangazi, udongo uliotitia, na bustani ya mchicha inayostawi bila mwenyewe kuonekana na ndoo.

10. Wateja wanasema dira inasoma hewa. Ni kweli?

Inaweza kuwa kweli. Maji yakikatika, mabomba hujaa hewa. Yakirudi, hewa hiyo hutoka kwa kasi kupitia bomba la mteja na dira huzunguka. Wekeni valvu za kutolea hewa kwenye vilele vya mtandao, na fundi afungue maji polepole baada ya mgao. Mteja mwenye shaka apimiwe mbele yake: ndoo 5 za lita 20 zijazwe, dira isogee lita 100. Ikisogea 130, badilisheni dira na mrekebishe ankara bila kumzungusha.

11. Kitongoji cha mlimani hakipati maji, cha bondeni mabomba yanapasuka.

Kila mita 10 za kimo ni takribani baa 1 ya presha. Nyumba iliyo mita 80 chini ya tangi inapokea baa 8, nyumba iliyo sawa na tangi haipati kitu. Bondeni wekeni tangi dogo la kupunguza presha njiani. Mlimani, tangi lao peke yao linalojazwa kwanza. Kuongeza pampu kubwa kwa ajili ya mlima kunapasua bonde.

12. Kisima kimeanza kutoa mchanga. Tuendelee?

Hapana, punguzeni kasi leo. Kila kisima kilipimwa uwezo wake kilipochimbwa, na namba hiyo ya lita kwa saa imo kwenye ripoti ya mchimbaji. Aghalabu ripoti iko kwenye droo ya mtu aliyehama. Mchanga humaanisha mnavuta zaidi ya uwezo huo au chujio la kisima limeharibika. Mkiendelea utasaga mapanga ya pampu, nanyi mtakuwa mnakula zile Sh 3 za akiba ya pampu za swali la 5.

13. Sola inatosha bila jenereta?

Inatosha kama tangi ni kubwa. Jua la kusukumia ipasavyo ni saa 5 hadi 6 kwa siku, kwa hiyo pampu lazima imalize kazi ya siku nzima ndani ya muda huo, na tangi litunze maji ya jioni na ya siku ya mawingu. Osheni paneli vumbi. Zikiibiwa, ni kwa sababu hakuna anayelala pale.

## Ubora wa maji

14. Dawa ya klorini tuweke kiasi gani?

Kwa maji maangavu, anzeni na miligramu 2 kwa lita. Tangi la lita 50,000 linahitaji gramu 100 za klorini halisi. Unga wa klorini uitwao HTH wenye nguvu ya asilimia 65 utapimwa gramu 154 (100 gawanya kwa 0.65). Koroga kwenye ndoo ya plastiki, acha chokaa ituame, mimina maji ya juu tangini, subiri dakika 30.

Kipimo cha mwisho ni bombani. Nenda kwenye kilula cha mbali kabisa na kifaa cha kupimia kwa rangi. Klorini iliyobaki iwe walau miligramu 0.2 kwa lita. Ikiwa sifuri, ongeza kidogo na utafute pia uchafu unaoila njiani. Unga utunzwe pakavu, mbali na mafuta na vyuma, na kopo lililokaa wazi lisiaminiwe. Wanaolalamikia harufu waambieni waache ndoo wazi kwa muda, harufu hupungua.

15. Masika maji yanakuja ya tope. Tuongeze dawa?

Klorini haifanyi kazi vizuri kwenye tope. Vijidudu hujificha ndani yake. Fungeni chanzo hadi maji yatulie, au yapitisheni kwanza kwenye tangi la kutuamisha na chujio la mchanga. Msipoweza, watangazieni watu wachemshe, kwa kipaza sauti cha msikiti, kengele ya kanisa na mabalozi. Aibu ya kutangaza hupita.

16. Watoto wetu wana meno ya kahawia. Klorini itasaidia?

Hapana, wala kuchemsha. Kuchemsha huongeza ukali kwa kuwa maji hupungua na madini hubaki. Hiyo ni floraidi, inayosumbua sehemu za Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Singida. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Dawa nzuri ni chanzo kingine au kuchanganya vyanzo. Mkaa wa mifupa, uliofanyiwa kazi miaka mingi katika kituo cha Ngurdoto, Arusha, huiondoa, lakini unachoka na lazima ubadilishwe kwa ratiba. Kwa kunywa na kupikia pekee, maji ya mvua huwa nafuu zaidi.

## Majitaka

17. Hatuna bomba la majitaka. Basi usafi wa mazingira unatuhusu nini?

Fanyeni hesabu: mkileta lita 75,000 kijijini kwa siku, sehemu kubwa yake inaingia ardhini upande wa pili wa nyumba. Tangu watu wavute maji ndani na kujenga vyoo vya kumwaga maji, mashimo yaliyokuwa yakikaa miaka kumi yanajaa upesi, na yaliyo karibu na visima vifupi yanavitia najisi. Maombi ya kuunganishiwa maji yawe na mstari mmoja wa kuuliza: majitaka yako yataenda wapi? Hakuna anayetaka kuujibu. Uulizeni hata hivyo.

18. Choo kiwe umbali gani kutoka kisimani?

Walau mita 30, upande wa chini wa mteremko, na kitako cha shimo kibaki angalau mita moja na nusu juu ya maji ya ardhini wakati wa masika. Kwenye miamba yenye nyufa mita 30 hazitoshi. Kwa chanzo cha mto au chemchemi, sheria inalinda mita 60 zisilimwe wala kujengwa.

19. Septiki na mashimo yanyonywe lini, na tope liende wapi?

Septiki inyonywe tope na utando vikifika theluthi moja ya ujazo. Ikiachwa, tope linahamia kwenye shimo la kufyonza na kuliziba, hapo mtu analipa mara mbili. Maji yatokayo kwenye septiki yamepungua tope tu. Vijidudu bado wamo, kwa hiyo yasielekezwe mtaroni.

Tope ndilo gumu. Gari la kunyonya likitoka mjini gharama inatisha, na dereva asiyekuwa na pa kumwaga atamwaga korongoni usiku. Kubalianeni kwa maandishi na mamlaka ya mji jirani yenye mabwawa, au jengeni vitanda vya kukaushia mbali na makazi. Kwa choo cha shimo, njia rahisi kuliko zote ni mashimo mawili: moja likijaa lifunikwe kwa udongo, litumike la pili. Baada ya miaka 2 la kwanza linachimbika likiwa udongo. Kabla ya hapo mayai ya minyoo yangali hai.

20. Tukijenga mabwawa ya majitaka, yanafanyaje kazi?

Kwa jua, hewa na muda, bila umeme. Ndiyo sababu Dodoma wanayo Swaswa na Moshi wanayo Mabogini. Bwawa la kwanza lina kina kirefu, mita 2 hadi 5, ambamo uchafu huoza pasipo hewa. La pili ni mita 1 hadi 2, la mwisho karibu mita 1, ambamo mwanga wa jua huua vijidudu. Yanahitaji ardhi kubwa, uzio na mtu wa kufyeka kingo. Kutiririsha maji yake mtoni kunahitaji kibali cha bodi ya bonde, tofauti na kile cha swali la 2. Kwa kumwagilia, miti na malisho ni salama kuliko mchicha na nyanya za kachumbari.

## Yanayotokea mara chache

21. Greda la barabara limekata bomba. Nani analipa?

Inategemea kama bomba liko ndani ya hifadhi ya barabara. Kama limo bila idhini, mzigo ni wenu. Kama liko nje, au mlikuwa na idhini, mkandarasi anawajibika. Pigeni picha kabla ya kuziba, mwandikieni siku hiyohiyo, nakala kwa ofisi ya barabara na RUWASA. Kinga yake ni ramani ya mtandao na vigingi vya zege juu ya njia ya bomba. Fundi mzee anayejua kila kiungo kwa kichwa si ramani, ingawa mchukueni mtembee naye mkichora kabla hajastaafu.

22. Kipindupindu kimeingia kata jirani. Tufunge maji?

Msifunge; mkifunga watu watarudi kwenye madimbwi. Pandisheni klorini hadi kilula cha mbali kionyeshe miligramu 0.5, pimeni kila siku na kuandika, zibeni mivujo yote iliyo karibu na vyoo, na epukeni mgao. Bomba lisilo na presha hunyonya maji machafu ya nje kupitia nyufa zilezile za swali la 9. Mwambieni mganga wa zahanati mnachopima.

23. Niko Zanzibar, au Kenya. Haya yananihusu?

Hesabu zinakuhusu zote, ofisi hazikuhusu. Zanzibar maji yako chini ya Mamlaka ya Maji Zanzibar, na RUWASA haifanyi kazi huko. Kenya inafuata Sheria ya Maji ya 2016: huduma ni jukumu la serikali ya kaunti, na leseni pamoja na viwango vya bei viko kwa WASREB, bodi ya udhibiti wa huduma za maji. Mradi wa jamii uanze kwa kubisha hodi kwenye idara ya maji ya kaunti yake.

24. Kijiji kimekuwa mji mdogo na mamlaka ya maji inataka kutuchukua. Tukabidhi nini?

Dira zilizosomwa siku ya makabidhiano mbele ya pande zote, orodha ya wateja na madeni yao, ripoti ya kisima, kibali cha bonde, ramani, vipuri vya stoo na salio la benki. Deni la umeme lilipwe au liandikwe nani atalibeba. Akiba ya pampu iandikwe kwa jina lake hilohilo, ili isiyeyuke kwenye mfuko mkubwa. Mhudumu wa kilula muulizeni mapema kama atabaki na kazi, asije kuisikia habari hiyo kwa wateja.